Maswali ya Wasomaji: Idhini ya Muda ya Kontena la Stoo

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Mfanyabiashara ana kiwanja cha biashara, stoo imejaa, amepata kontena kuukuu kwa bei nzuri, na anauliza kama anaweza kuliteremsha kwanza kisha aulize baadaye. Hatushauri hivyo hata kidogo. Tumechagua barua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zile nyingine zinaiegemea.

Kontena halina msingi. Kwa nini niombe idhini?

*Asalaam aleikum wahariri. Nina duka la vifaa vya ujenzi Likoni, Mombasa, kwenye kiwanja cha biashara ninachokodi. Mwenye kiwanja amekubali nivunje stoo ya nyuma nijenge mpya, kazi ya kama miezi minane. Nataka kuweka kontena la futi 20 nyuma ya duka nihifadhi saruji, mabomba na rangi mpaka stoo ikamilike. Rafiki yangu anasema kontena halina msingi, kwa hiyo si jengo wala halihitaji ruhusa ya kaunti. Jirani anasema nitakuja kuondolewa kwa nguvu. Nimsikilize nani?*

Waaleikum salaam. Msikilize jirani.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, Nambari 13 ya mwaka 2019, haiulizi kama kitu kina msingi. Inaangalia kama umefanya kazi yoyote juu ya ardhi au umebadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya majengo yaliyopo. Kontena likikaa mahali pamoja miezi minane, likajazwa bidhaa na kufungwa kufuli, afisa wa mipango ataliona kuwa ni stoo. Kifungu cha 57 kinakataza kufanya hivyo bila idhini ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Kwamba kontena ni la muda hakukuondolei wajibu wa kuomba, ila kunakusaidia wakati wa kuomba. Kaunti inaruhusiwa kutoa idhini yenye masharti, na tarehe ya mwisho inaweza kuwa sharti mojawapo. Afisa ambaye angekataa kontena la kudumu kwenye kiwanja hicho hicho anaweza kulikubali akijua linaondoka lini, linaondolewa na nani na kwa njia gani. Maombi yako yote yajengwe juu ya hayo matatu.

Kuna jambo barua yako haikuligusa: stoo mpya nayo inahitaji idhini, na kuvunja ile ya zamani pia. Ukipeleka maombi ya kontena peke yake, utaulizwa ujenzi unaousingizia umeidhinishwa wapi. Peleka maombi ya stoo kwanza, au yote kwa pamoja, na kontena lionekane kwenye mchoro ule ule wa kiwanja. Hapo tarehe ya kuliondoa inafungamana na kazi ambayo kaunti yenyewe inaifuatilia.

Kabla ya kulipa ada yoyote, nenda ofisi ya mipango ya kaunti na mchoro wa mkono, ulize haya. Kiwanja kimetengwa kwa matumizi gani hasa? Jengo linatakiwa kukaa umbali gani kutoka mpaka wa mbele, wa pembeni na wa nyuma? Asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa, na je, kontena litahesabiwa humo? Majibu haya hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, na swali la mwisho ndilo watu husahau. Duka lenye paa pana na baraza huenda limeshafika kikomo, na hapo hata kontena la futi 10 halina nafasi mpaka stoo ya zamani ivunjwe. Ikiwa hali ni hiyo, andika waziwazi kwamba kontena litashushwa baada ya kuvunja.

Karatasi utakazohitaji: nakala ya hatimiliki pamoja na matokeo mapya ya upekuzi wa ardhi, uthibitisho kwamba ada za ardhi za kaunti zimelipwa, mkataba wako wa kukodi, na barua ya mwenye kiwanja inayotaja kontena kwa jina. Barua ya jumla kwamba “amekubali ukarabati” haitoshi. Jina lililo kwenye hati lilingane na lililo kwenye barua. Kama mwenye hati amefariki na mirathi haijakamilika, anza na hilo, maana saini ya mtoto wake haitakubaliwa. Na kama kiwanja kina malimbikizo ya ada za ardhi, maombi yatakwama dirishani hata kama mchoro ni mzuri namna gani. Kwa kuwa wewe ni mpangaji, ulizia deni hilo mapema kabla ya kumlipa mchoraji.

Tuje kwenye mchoro, maana hapo ndipo maombi mengi huharibika. Kipimo cha 1:200 kinafaa kwa kiwanja cha duka: sentimita 1 ya karatasi ni mita 2 za ardhi. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, kwa hiyo kwenye karatasi ni mstatili wa sentimita 3 kwa 1.2. Usiishie kwenye mstatili. Onyesha mlango uko upande gani. Milango ni miwili, kila mmoja una upana wa takriban mita 1.2, na hufunguka kwa nje, basi chora nafasi hiyo pamoja na mita 2 zaidi za mkokoteni na mbebaji. Andika umbali kutoka kila pembe ya kontena hadi mpaka wa karibu, ukipima kutoka bikoni (alama ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi) na si kutoka ukuta, kwa sababu ukuta mara nyingi umejengwa ndani au nje ya mpaka. Onyesha mfereji wa maji ya mvua, shimo la maji taka na kifuniko chake, nguzo na nyaya za umeme, njia ya kutokea wakati wa moto, na nafasi za magari.

Nafasi za magari zinastahili neno la ziada. Nafasi moja kwa kawaida ni mita 2.5 kwa 5. Ukilaza kontena ndani yake litatokeza mita moja nzima kwenye njia ya magari, na ukiliweka kwa ubavu utakuwa umeziba nafasi tatu. Kama idhini ya awali ya duka ilitaja idadi ya nafasi hizo, kuzipunguza ni kuvunja sharti lililopo. Ndiyo sababu nyuma ya duka, ulikochagua, ni bora kuliko mbele, mradi lori lifike. Lori linaloteremsha kontena kwa kuinamisha kitanda chake huhitaji takriban mita 18 za njia iliyonyooka na kimo cha mita 6 hadi 7 kisicho na waya. Ukikosa nafasi hiyo, tafuta lori lenye kreni, na gharama yake uijue kabla ya kununua kontena.

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja. Sehemu yake ya msingi inaweza kusomeka hivi:

*“Naomba idhini ya muda ya kuweka kontena moja la chuma la futi 20 (mita 6.06 × 2.44 × 2.59) nyuma ya duka lililopo, kama inavyoonyeshwa kwenye mchoro, kwa ajili ya kuhifadhi vifaa vya ujenzi pekee wakati stoo mpya inajengwa. Kontena halitatumika kama duka, ofisi wala makazi, halitaunganishwa na maji wala umeme, na halitabandikwa matangazo. Litawekwa tarehe … na kuondolewa kwa lori la kreni kabla ya tarehe … Eneo litarudishwa katika hali yake ya awali na picha kuwasilishwa ofisini kwako.”*

Omba miezi kumi, si minane. Ujenzi hukawia, na idhini inayokwisha wakati saruji bado imo ndani itakurudisha kwenye foleni ukiwa na haraka. Usiandike “mpaka kazi itakapokwisha”. Kauli hiyo haina tarehe, na afisa hawezi kuisimamia.

Ukipeleka maombi, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe, au mfumo wa mtandaoni umekupa namba ya kumbukumbu. Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Ni haki yako, lakini tusingemshauri mtu ateremshe kontena kwa kuitegemea hiyo peke yake, kwa kuwa askari wa kaunti atakayefika langoni ataomba karatasi. Siku ya 45 andika barua ya kukumbusha. Siku ya 61 andika nyingine ukikitaja kifungu cha 58 na kuambatisha nakala yenye muhuri. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango na matumizi ya ardhi, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mawili ya mwisho, ambayo hayako kwenye fomu. Kwanza uzito. Kontena tupu la futi 20 lina takriban kilo 2,200. Mifuko 300 ya saruji ya kilo 50 ni tani 15, na jumla, tani 17.2, hukaa juu ya pembe nne tu, kwa kuwa kontena limeundwa libebwe na pembe zake. Hiyo ni tani 4.3 kila pembe. Ukiweka zege la sentimita 60 kwa 60 chini ya kila pembe, udongo unabeba tani 12 kwa kila mita ya mraba, na mchanga wa pwani usioshindiliwa utadidimia kabla ya wiki kwisha. Tengeneza zege la mita 1 kwa 1, lenye unene wa sentimita 20 na wavu wa nondo, juu ya changarawe iliyoshindiliwa, mzigo ushuke hadi tani 4.3. Pembe moja ikizama sentimita chache fremu inapinda na milango inagoma kufungika. Ukiona mlango umeanza kukwaruza chini, usiulazimishe kwa nyundo, bali pima usawa wa pembe zote kwa bomba la maji. Na kontena lisiguse ardhi: liinue sentimita 15 hadi 20 hewa ipite, maana chumvi na unyevu wa pwani hula sakafu kuanzia chini.

Pili, rangi za mafuta na thina zisikae humo pamoja na vitu vingine bila kuwauliza zimamoto wa kaunti. Chuma kikipigwa na jua la Likoni mchana kutwa, mvuke wa thina hujaa ndani, na anayefungua mlango na sigara mkononi anaweza kuuwasha. Zitoe kwenye maombi ya kontena uzihifadhi kwingine.

Nimeshaweka, na notisi imekuja

*Niliweka kontena mbele ya duka langu Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Kaunti imebandika notisi ya kuliondoa. Je, nikiomba idhini sasa notisi inasimama?*

Haisimami yenyewe. Soma notisi leo: itataja kosa, hatua unayotakiwa kuchukua na muda uliopewa. Unaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14 tangu ulipokabidhiwa notisi, na rufaa ndiyo inayoweza kukupa nafasi ya kupumua. Maombi mapya peke yake hayawezi.

Lakini kwanza pima. Barabara ya Namanga ni barabara kuu ya kitaifa chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, na sehemu kubwa ya kile wenye maduka hukiita “mbele ya duka” ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mlete mpima ardhi aonyeshe bikoni zako za mbele. Kontena likiwa ndani ya hifadhi, kaunti haina uwezo wa kukuidhinisha hata ikitaka, kwa hiyo usipoteze pesa kwenye rufaa. Lihamishe. Likiwa ndani ya kiwanja chako ila limekaribia mno mpaka wa mbele, lisogeze nyuma, piga picha, kisha peleka maombi pamoja na barua inayoeleza kwamba umeshatekeleza sehemu ya notisi. Maafisa huwasikiliza zaidi waliosogea kuliko wanaobishana huku kontena likiwa pale pale.

Barua ya mtendaji inatosha?

*Shikamooni. Niko Mbezi, Dar es Salaam. Mtendaji wa Mtaa amenipa barua ya kuweka kontena kwenye kiwanja changu cha biashara karibu na Barabara ya Morogoro. Naweza kuendelea?*

Marahaba. Bado. Barua hiyo inakutambulisha tu, na kibali hutolewa na halmashauri ya manispaa, kwa kuwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaja halmashauri kuwa ndiyo mamlaka ya upangaji. Ambatisha barua ya mtendaji na nakala ya hati, ramani ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi na mchoro kama tulivyoeleza hapo juu. Ada ilipe kwa namba ya malipo ya serikali pekee, kamwe usimpe mtu fedha taslimu mkononi.

Kwa barabara hiyo ongeza tahadhari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwenye Barabara ya Morogoro kuna vipande ambako hifadhi ni pana zaidi: bomoabomoa ya mwaka 2017 kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ilifuata mita 121.5. Nenda ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, na ramani yako upate jibu la maandishi kabla hata ya kwenda manispaa.

Kontena kwenye maegesho ya duka, Marekani

*Ninauza vyakula vya Afrika Mashariki Kentucky: unga, mchele, dagaa, maharage. Nakodi chumba kwenye jengo lenye maduka sita. Mwenye jengo anasema niweke kontena la futi 20 kwenye maegesho kwa miezi mitatu ya sikukuu. Je, inatosha akikubali yeye?*

Haitoshi, ingawa umefanya vizuri kuanza naye, maana miji mingi huko haipokei fomu isiyo na saini yake. Utaomba kibali cha matumizi ya muda katika idara ya mipango ya mji au wilaya yako. Uliza mambo matatu: kama eneo lenu linaruhusu kabisa kontena kuwekwa nje, siku za juu kabisa kwa mwaka, na kama linatakiwa kufichwa lisionekane kutoka barabarani.

Watu wengi hudhani kontena ni dogo mno kuhitaji ruhusa ya jengo. Kanuni ya mfano ya majengo inayofuatwa na majimbo mengi huachilia vibanda vya kuhifadhia visivyozidi futi za mraba 120. Kontena lako ni futi 8 kwa 20, yaani 160. Kanuni hiyo hiyo huchukulia muundo kuwa wa muda ukikaa chini ya siku 180, kwa hiyo miezi mitatu yako inaingia humo vizuri.

Kwenye mchoro, njia ya gari la zimamoto ibaki wazi kwa upana wa futi 20 na kimo cha futi 13 na inchi 6. Usiguse nafasi za magari ya watu wenye ulemavu wala ule ukanda wenye mistari kando yake, hata kwa siku moja. Hesabu pia nafasi zitakazobaki kwa maduka yote sita, maana idadi inayotakiwa ni ya jengo zima. Na mwombe kampuni ya kontena ikupe cheti cha bima kinachomtaja mwenye jengo, kwani mkataba wako wa kukodi huenda unakidai.

Kuhusu vyakula, kontena lenyewe linahitaji uangalizi. Kwenye mlango wa kushoto pana kibati cha chuma kilichopigiliwa ribiti, chenye namba na uzani. Kisome hadi chini: mstari mmoja hutaja dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye mbao za sakafu na tarehe yake. Mchele na unga havipaswi kugusa sakafu hiyo. Vitundu vya hewa vya kontena la kawaida ni vidogo, na usiku wa baridi mvuke huganda kwenye dari na kudondokea magunia. Weka vyakula kwenye makopo au mapipa yenye vifuniko, inchi 6 juu ya sakafu, na uiulize idara ya afya kama inakubali chakula kihifadhiwe humo. Tungependelea uhamishie kontenani mifuko ya plastiki, rafu na sufuria, ili chumba cha ndani kibaki cha chakula.

Muda unakwisha, kazi haijaisha

*Idhini yangu ya kontena inaisha mwezi ujao na fundi ananiomba miezi miwili. Nifanye nini?*

Omba nyongeza sasa, kabla tarehe haijapita. Baada ya tarehe unahesabiwa kama mtu asiye na idhini, na maombi yako yanaanza upya pamoja na ada. Ambatisha nakala ya idhini ya kwanza, picha nne za hivi karibuni zinazoonyesha kontena na ujenzi, na ratiba ya fundi yenye saini: ezeko lini, milango lini, kuhamisha bidhaa lini. Taja tarehe moja ya mwisho, na usiombe nyongeza ya pili kwa sababu ile ile.

Wakati unasubiri, anza kupunguza bidhaa zilizo ndani ya kontena. Weka oda ya lori la kreni mapema, hasa kama mvua za masika zinakaribia, kwa sababu kiwanja kikilowa lori halitaingia. Siku ya kuondoa, vunja zege za pembe, jaza na kushindilia mashimo, piga picha kutoka sehemu zile zile ulizopigia za mwanzo, uzipeleke ofisini na nakala yako igongwe muhuri.